Aliyelamba Kitabu cha Mama

Kilichomkera kwanza fundi cherehani ni usafi. Alifungua kitabu cha dua alichoachiwa na marehemu mama yake, akaenda moja kwa moja kwenye dua ya safari, na doa la chai halikuwapo. Maandishi yapo, kila herufi mahali pake, lakini ukurasa ulikuwa mweupe kama umetoka dukani jana.

Mwingine angeshukuru. Ila kile kitabu kwake hakikuwa dua tupu. Jalada lilishachoka, uzi umechomoka mgongoni, na kila ukurasa ulikuwa na alama yake: nta ya mshumaa ya usiku mama alipokesha na homa ya kaka, dole gumba lenye hina la siku fundi alipoolewa, dua ya mvua iliyojikunja kwa machozi. Akigusa alama, anamwona mama, hata sauti anaisikia.

"Nani kashika kitabu changu?" akafoka.

Mumewe, fundi bomba, alikuwa sakafuni akihangaika na koki ya jikoni. "Kwa mikono hii? Ningekishika mimi ungepata madoa mapya, mke wangu, usingepungukiwa."

"Sitanii, Baba Watoto. Doa la chai limeondoka."

"Chai gani?"

Akafungua mdomo amweleze, na hakikutoka kitu. Alijua palimwagika chai na watu wakacheka. Nani alicheka, siku gani, kwa nini, pakavu! Akauma meno, akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa kulia wa gauni la mteja kwenye bega la kushoto. Ikabidi afumue yote.

Alasiri iliyofuata, cherehani ikiwa kimya akitunga uzi, alisikia karatasi ikifunuliwa chumbani. Polepole. Kisha ukasikika ulimi, ule mlio wa mtu anayelowesha kidole kabla ya kufunua ukurasa, lakini mrefu mno, kama ng'ombe anayelamba chumvi. Aliingia mbio. Chumba kitupu, kinanuka nywele zilizoungua, na kitabu kiko wazi juu ya mto, ukurasa mbichi na wa moto. Nta haipo.

Akampigia simu kaka yake. "Uliwahi kuugua homa mama akakesha?"

"We dada vipi? Si wewe uliyeshika mshumaa mpaka ukaniunguza nyusi?"

Kaka alicheka. Yeye alisikiliza kama anayesimuliwa habari za jirani.

Alikifunga kitabu kwa lastiki, akakikuta wazi. Akakifungia kabatini, akasikia kinalambwa humo humo kabatini. Akasoma dua kwa sauti, akilia kwa hasira, na alipokosea neno, kitu nyuma ya mlango kikamgunia kama mwalimu aliyechoshwa na mwanafunzi mjinga. Hilo ndilo lililomchosha roho kuliko woga. Kuibiwa aibiwe, na kusahihishwa asahihishwe!

Akamfuata Bibi Mwalimu, mama mtu mzima aliyefundisha watoto kusoma nyumba ya pili, ambaye watu humwita pia kwa mambo ya majini. Bibi alikinusa kitabu, akakitenga na pua.

"Ulikiacha wazi?"

Fundi akainamisha kichwa. "Mteja aligonga, Bibi. Anadai nguo inambana. Nikaenda kubishana naye, nikajisahau alasiri nzima."

"Na mama yako?"

"Hakuinuka hata siku moja bila kukifunga. Hata chungu kiungue. Aliniambia nikiache wazi nitakaribisha msomaji mwingine, mimi nikaona ni maneno ya wazee."

"Basi alikuja. Dua haziwezi, zinamchoma. Anasoma madoa."

"Mtoe, Bibi, nakuomba."

"Nitamtoa leo hii. Lakini ataondoka na alichokula, binti yangu. Harudishi. Na nikianza usinikatize, maana mara ya pili simwezi."

Wakakirudisha kitabu chumbani, wakakaa nje ya mlango, Bibi katikati, mume pembeni kashika spana kana kwamba jini ni bomba. Bibi akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma ndivyo mlango ulivyotetemeka na ile harufu ikazidi mpaka macho yakawachoma, na nyuma ya mbao kitu kikaanza kujiburuta ukutani, huku na huku, kama mtu anayekusanya vyake kwa haraka, na katika kukusanya kule kikawa kinanong'ona, kinajihesabia chakula chake, sauti kavu isiyo ya mwanamume wala mwanamke, ikisema mtoto aling'oka jino, mama akalifunga kwenye karatasi akalibana hapa, akasema huyu kwa kinywa hiki atawashinda mashangazi zake wote kwa maneno, mtoto akakasirika akalala chini ya kitanda, mama naye akaingia humo chini, akalala naye...

Fundi alijikuta anacheka. Jino hilo lilikuwa lake, na hakulikumbuka. Hakujua hata kwamba liliwahi kupotea.

Akauziba mdomo wa Bibi kwa kiganja.

Mlango ukatulia.

"Umefanya nini?" Bibi alinong'ona, akiuondoa mkono ule. "Mungu akusamehe, umefanya nini?"

"Akiondoka yeye, nani atakumbuka?"

"Mke wangu," fundi bomba alisema, na spana ikamtoka mkononi. "Huyo si mama."

"Najua si mama."

Akavuta kigoda chake cha kushonea, akakisogeza mpaka magoti yakagusa mbao. Mumewe alimshika bega. Aliukung'uta mkono ule kama anayefukuza nzi. Akaegemeza sikio.

"Endelea," aliuambia mlango. "Huko chini ya kitanda, mama alisema nini?"