Ufa Kiganjani mwa Nari

Jumamosi ile mchana kituo cha treni cha Seomyeon kilifurika watu, na ngazi za umeme zilikuwa zikipandisha mabegi, miavuli na watoto bila kupumzika. Karibu na juu kabisa, mkanda wa mkoba mmoja mrefu ulikatika. Fimbo kumi na nne za gofu zikaanza kuporomoka kwa kelele huku watu wakiruka pembeni.

"Samahani! Jamani, samahani!" mwenyewe alipiga kelele. Alikuwa mwanadada mrefu aliyevaa sketi nyeupe ya michezo na kofia yenye nembo za wadhamini. Jua lilikuwa limemuunguza mwili mzima isipokuwa mkono wa kushoto, uliobaki mweupe kwa sababu ya kuvaa glovu miaka mingi.

Kijana aliyekuwa chini aliidaka fimbo moja kabla haijamgonga bibi mmoja. Shati lake la kazi lilikuwa la bluu, vidole vyake vina madoa ya gundi. Badala ya kuirudisha fimbo, aliugeuza mpini na kuutazama kwa muda mrefu.

"Dada, mkono huu ulianza kuuma lini?"

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Raba imelika upande mmoja tu, hapa mwishoni. Unakwepa mfupa wa kiganja unaposhika."

Mwanadada alicheka, lakini alishtuka. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata baba yake.

"Wewe ni mganga?"

"Fundi wa fimbo. Duka langu liko nyuma ya soko la Bujeon. Naitwa Gi Taerim."

"Mimi Pyo Nari."

"Najua. Jina limeandikwa kwenye mkoba, kubwa kama bango la uchaguzi."

Hivyo ndivyo walivyojuana, mwezi wa nne, maua ya micheri yakiwa yanamwagika njiani. Nari alikuwa na miaka ishirini na sita, na miaka saba kati ya hiyo alikuwa mchezaji wa kulipwa. Mama yake alifariki zamani. Baba yake, Mzee Pyo, aliacha kazi ya kuchomelea vyuma vya meli binti alipokuwa na miaka kumi, akawa mbeba mkoba wake, dereva wake na mlinzi wake. Katika nyumba ile mapenzi yalikuwa marufuku hadi msimu uishe, na msimu haukuisha kamwe.

Kwa hiyo Nari alimpigia Taerim simu akiwa chooni, kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, nyuma ya magari.

"Fundi wangu, unafanya nini?"

"Nakula supu ya nguruwe na wali. Wewe?"

"Matiti ya kuku na kabichi. Siku ya tano leo."

"Pole, bingwa. Ngoja nipulizie mvuke kwenye simu."

"Mchokozi wewe! Nitakukatia simu."

"Hukati. Ungetaka kukata usingepiga."

Akacheka, na kicheko kilipoisha Taerim alisikia pumzi ya mtu anayebana maumivu. Alimbadilishia raba, zikawa nene na laini zaidi, akaongeza uzito kwenye mipini. Haikusaidia kitu. Mwezi wa tisa walikwenda pamoja kwa daktari kwa siri. Daktari alionyesha picha: kifupa kidogo kiganjani kilikuwa na ufa, na ufa ule ulikuwa ukisugua mshipa wa fahamu.

"Ukipumzika sasa, kitaungana," alisema. "Ukiendelea kupiga kwenye nyasi ngumu kitavunjika. Vidole hivi viwili vya mwisho vitakufa ganzi. Labda kwa muda, labda kwa maisha yote."

Njiani Taerim alimshika bega. "Acha, Nari. Msimu huu tu."

"Mwisho wa mwaka wachezaji sitini wa kwanza ndio wanaobaki kwenye mashindano ya mwakani. Mimi ni wa sitini na moja. Nikiacha leo, nafasi yangu imekwenda."

"Na mkono ukienda?"

"Baba amebeba mkoba huo miaka kumi na sita. Bega lake moja limeshuka kuliko lingine. Nimwambie nini?"

Tangu siku ile Taerim akawa anaamka gizani na kwenda na mama yake kwenye maombi ya alfajiri. Mama aliomba kwa sauti, yeye kwa moyo. Maombi yake yalikuwa sentensi moja: Ee Mungu, mwondoe kwenye mchezo huu. Kila alipomaliza kuisema aliogopa, kama mtu aliyegonga mlango bila kujua nani atafungua.

Shindano la mwisho lilichezwa Gijang, kando ya bahari, mwezi wa kumi na moja. Mzee Pyo alikodi vyumba hotelini, ingawa nyumbani hapakuwa mbali, ili binti asionane na mtu. Na siku ya mwisho ya shindano iliangukia siku ya kuzaliwa ya Nari, kwa kalenda ya mwezi ambayo ukoo wao ulifuata. Tangu mama yake afariki, hakuna aliyempikia supu ya mwani, ambayo kwao kila mtu hunywa siku yake ya kuzaliwa.

Taerim alinunua mwani wa pale pale Gijang, akaupika na nyama ya ng'ombe, akaumimina kwenye themosi. Kabla ya jua kuchomoza alikuwa mapokezi ya hoteli.

"Mpe jioni, akirudi," alimwambia karani. "Jioni, kaka. Si sasa hivi."

"Usijali."

Lakini karani alibadilishana zamu na mwenzake, na mwenzake akaipeleka themosi moja kwa moja kwenye meza ya kifungua kinywa. Mzee Pyo akafungua kifuniko. Mvuke wa mwani ulipopanda, mchezaji mmoja wa meza ya jirani akahamisha kiti chake. Mwani huteleza, na anayeula asubuhi ya mtihani au mashindano huteleza pamoja nao. Kila mtoto wa nchi ile anajua.

"Nani amekuletea mkosi huu?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

Nari aliona jina la Taerim kwenye themosi. Alitoka nje, akapiga simu.

"Ulitaka niteleze?"

"Nini? Nari, ile ilikuwa ya—"

"Ulisema niache. Nilipokataa, ukaniletea mwani! Leo!"

"Nilimwambia jioni! Niapishe. Sikutaka uteleze."

"Ila hukutaka nicheze. Sema kweli."

"Sikutaka ucheze," Taerim alisema.

Simu ikakatika.

Siku ile upepo ulivuma kutoka baharini bila kupumua, na kunguru walitua katikati ya kiwanja wakakataa kufukuzwa. Taerim alitembea nyuma ya watazamaji, kofia ameishusha hadi machoni. Nari alicheza kama mtu mwenye hasira na dunia. Alipofika shimo la kumi na nane alikuwa wa sitini kamili kwenye orodha ya msimu. Mapigo manne tu, na nafasi ingebaki yake. Pigo la kwanza likapeperushwa hadi kwenye nyasi ndefu, nene, zenye umande ambao haujakauka.

Mzee Pyo alimpa fimbo. Ndipo alipoona vidole vya binti yake haviufungi mpini.

"Nari. Mkono una nini?"

"Nipishe, Baba."

"Una nini, mwanangu?"

"Baba, tafadhali. Nipishe."

Akapiga. Taerim alisikia milio miwili, mmoja wa fimbo na mwingine mdogo, mkavu. Mpira uliruka vizuri, ukatua karibu na shimo. Watu walipiga makofi. Nari alipiga magoti kwenye nyasi, kisha akainuka, akaenda akamalizia kwa mkono wa kulia peke yake, mapigo mawili. Alibaki wa sitini.

Baada ya Nari kufanyiwa upasuaji wa mkono, Taerim alimkuta Mzee Pyo kwenye ukumbi wa hospitali. Aliinama sana. "Shikamoo, mzee."

"Wewe ndiye wa supu?"

"Ndiyo."

"Karani wa zamu ya kwanza alinipigia simu kuomba radhi. Alisema ilikuwa ya jioni." Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Ulijua kuhusu mkono?"

"Nilijua."

"Mgeni alijua. Mimi nilibeba mkoba tu. Ingia, anakusubiri."

Nari alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa hadi kwenye vidole, viwili vya mwisho vikichungulia, vimepauka.

"Niliomba," Taerim alisema akiwa bado mlangoni. "Kila alfajiri niliomba uondoke kwenye mchezo. Nisamehe."

"Njoo hapa, mjinga. Si Mungu aliyevunja. Nilipiga mimi." Akamsogezea nafasi kitandani. "Jina langu limo kwenye orodha ya mwakani. Daktari anasema ganzi itaisha labda baada ya miaka miwili, labda kamwe. Na mimi nisamehe kwa yale ya kwenye simu."

"Daktari amekupima vidole?"

"Kila saa. Ananichoma na sindano, nafumba macho, namwambia anapogusa."

"Fumba, nikupime na mimi."

"Huna sindano."

"Fumba tu, bingwa."

Akafumba. Taerim aliushika mkono ule polepole, kama alivyozoea kushika mipini iliyochoka.

"Haya. Nimegusa kipi?"

Nari alikunja uso, akasikiliza kwa mwili wake wote. Nje mvua ilianza kupiga dirisha.

"Hujagusa bado," alisema.

Nari alipofumbua macho, pete ilikuwa imeshafika kwenye shina la kidole cha pili kutoka mwisho.

Alitazama kwa muda, machozi yakimdondoka kwenye bandeji.

"Ivue," alisema. "Nivishe tena, niione."