Kibati Namba Kumi na Mbili

Waliokaa mtaa ule, chini ya kilima cha vifusi vya mgodi, husema siku yenyewe ilianza kwa utulivu. Fundi wa mifereji alipitia kwa mama yake, akanywa chai akiwa amesimama, macho yake kwenye ukuta wa jikoni. Hapo, kwenye msumari, kilining'inia kibati chenye namba arobaini na saba.

Kilikuwa cha kaka yake. Sheria ya mgodi wa makaa ilikuwa fupi: anayeingia huning'iniza kibati chake langoni, anayetoka hukichukua mwenyewe. Kaka mtu aliingia miaka tisa iliyopita. Handaki likaporomoka, mwili haukupatikana. Mgodi ulipofungwa, mama aliletewa kibati, akakitundika pale. Hakukigusa tena, hata kukipangusa vumbi.

"Mama, mvua zinakaribia," fundi alisema. "Bwawa la juu likipasuka, nyumba hii ndiyo ya kwanza kuzolewa. Nenda kwa dada, wiki mbili tu."

"Kaka yako akija asinikute?"

Kubishana naye kulikuwa kutwanga maji kinuni. Fundi akaweka kikombe chini, akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kuyarudishia maji njia. Kilima kilikwisha kusawazishwa na kufunikwa udongo mzuri, na nyasi zilizopandwa zilikuwa zimeanza kushika. Lakini nyuma yake maji yalikuwa yamejikusanya yakawa bwawa, na njia pekee ya kuyatoa ilikuwa handaki lile la zamani lililoporomoka. Siku iliyotangulia alimimina rangi ya kijani bwawani. Ilipaswa kutokea kwenye mfereji wa chini baada ya saa moja. Haikutokea. Ndani palikuwa pameziba.

Sheria ya vibati ilikuwa bado inafuatwa, na saa tisa alasiri alitundika chake, namba kumi na mbili, kwenye ubao wa langoni. Mlinzi waliyemwita Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake kitupu, alikuwa akimenya karanga.

"Usichelewe, fundi. Saa kumi na moja nafunga, hata kama yumo mjomba wangu."

"Utazame ubao kwanza, bwana."

"Ubao ndio macho yangu. Kibati kipo, sifungi. Hakipo, nafunga nakwenda zangu."

Handaki lilikuwa jembamba. Watu wawili wasingeweza kupishana bila kusuguana mabega. Fundi alitembea hatua mia tatu, maji yakiwa ya kifundo cha mguu, mpaka kwenye kifusi alichokitarajia.

Kifusi kilikuwa kimetobolewa.

Tundu lilikuwa la upana wa mtu. Mawe yalikuwa yamesukumwa kuja upande wake. Yaani aliyeyatoa alikuwa ng'ambo. Maji ya kijani yalitiririka taratibu kupitia hapo.

Akamulika ukuta. Alama za viganja. Mbichi, za kijani. Zilianzia tunduni, zikafuata ukuta kuelekea nje. Fundi mwenyewe alikuwa amepita hapo sasa hivi. Hakukutana na mtu.

Akahisi baridi begani. Akajishika. Shati lilikuwa limelowa upande wa kushoto, upande wa bega tu. Akautazama mkono wake.

Kijani.

Mbali nyuma yake, lango la chuma likafungwa kwa kishindo.

Alikimbia. Alianguka mara mbili. Alipofika, Kofia alikuwa ameshaweka kufuli, ameanza kuondoka. Aliitwa, akageuka. Karanga zikamwagika.

"Fundi? Si umetoka wewe?"

"Fungua!"

"Nimekuona. Umelowa mpaka kichwani. Umechukua kibati chako. Nimekusalimia, hukuitikia."

"Ameelekea wapi?"

Kofia akafungua kufuli. Akanyoosha kidole bondeni.

"Kwenu."

Mama alikuwa ameketi jikoni, mikono mapajani. Mezani palikuwa na vikombe viwili. Ukutani, namba arobaini na saba haikuwapo. Kwenye msumari uleule ilining'inia namba kumi na mbili, ikidondosha maji ya kijani.

Mama alimtazama fundi mlangoni. Akarudisha kiti nyuma.

"Mwanangu mmoja ametoka, yumo chumbani amejipumzisha," alinong'ona. "Wa pili kibati chake hicho hapo, bado yuko chini. Wewe ni nani?"

Fundi akampita. Akasukuma mlango wa chumba. Hapakuwa na mtu. Kitanda kilikuwa kimelowa, na katikati palikuwa na bonde la mwili uliolala kiubavu, magoti yamekunjwa, kama kaka yake alivyozoea kulala.

Akarudi jikoni, akakitungua kibati chake, akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Jioni ileile mama alikubali kuhama, bila kubembelezwa. "Ameshatoka," alisema tu. "Namngoja nani tena?"

Siku ya nne mvua ilizidi nguvu za handaki, bwawa likapasuka. Maji yalipopungua, fundi na Kofia walikwenda kuangalia. Nyumba ilikuwa imezolewa, umebaki ukuta wa jikoni peke yake. Msumari ulikuwapo.

"Fundi," Kofia alinong'ona, akirudi nyuma hatua kwa hatua. "Kile si kibati chako?"

Fundi akapapasa mfuko wa shati lilelile. Kifungo kilikuwa bado kimefungwa. Akakifungua, akatia vidole.

Mfukoni mlikuwa na maji tu.