Yaoshe Hayo Maharage

"Sindano, chupa haina kitu."

Sauti ya mkuu wake wa polisi ilikwaruza sikioni. Sindano alikanyaga breki. Land Cruiser ikaserereka hadi kwenye lango la ghala la mizigo, uwanja wa ndege.

"Haina kitu vipi?"

"Aliyeibeba tunaye. Ni maji matupu. Tumechezewa shere."

Alitukana. Bakteria waliopaswa kuwamo chupani walikuwa jasho la dada yake. Ukiwapaka kwenye mbegu, wanailinda mizizi isioze na mmea unashamiri. Jana wezi waliwachukua, wakaichoma maabara yake. Dada alitoka mikono imeungua. Wanunuzi wa ng'ambo waliowatuma wezi walitaka kuwamiliki peke yao, la sivyo wasibaki kabisa.

Ukiwapaka kwenye mbegu.

Machale yakamcheza.

Ghalani, jitu lenye shingo nene lilikalia gunia la maharage. Picha yake alikuwa nayo: Mjomba, mkuu wa genge.

"Maharage ya kula tu, bibie."

Sindano alichota machache. Unga mweusi wa kupaka mbegu ulikuwa umeyaganda kama masizi ya sufuria.

"Ya kula?"

"Ya kula."

"Basi yaoshe." Akaisukuma ndoo ya maji kwa buti. "Si tunaosha kabla ya kupika?"

Mjomba hakusogea.

"Yaoshe!"

Ghafla jitu likacheka, likainuka na ndoo.

"Unajifanya mjanja? Dada yako alilia sana moto ulipomshika. Haya, tukose sote!"

Ndoo ikainama.

Roho ikamruka Sindano. Ndoo kampa yeye mwenyewe, mjinga mkubwa! Akajitupa juu ya gunia, kifua chini, koti la ngozi limetanda. Maji yakamshukia mgongoni, baridi kali. Bastola yake ya Glock ikabweka chini ya kwapa.

Mjomba akaanguka, ameshika goti, anamlaani yeye na ukoo wake wote.

"Endelea tu," Sindano alisema, akimfunga pingu. "Selo ina nafasi ya kutosha kwa matusi yako."

Akafungua mdomo wa gunia. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kukavu. Akapiga simu hospitali. Muuguzi akamshikia dada yake simu sikioni, Sindano akamsimulia kuhusu gunia na ndoo.

"Mdogo wangu, niambie ukweli. Yamelowa?"

"Nimelowa mimi, dada. Yenyewe makavu."

Upande wa pili dada aliangua kilio. Sindano akamwacha alie mpaka akatosheka.

Kisha akakung'uta koti, akalibeba gunia begani na kutoka nje, juani.