Jibu Lililochongwa na Leza

Siku ya soko la Same, mwaka 1994, Yudith alikuwa amevaa gauni la maua. La mtumba, kama yote aliyouza, ila lilivyomkaa ungedhani limeshonwa kwa ajili yake. Eliezeri akafika mezani akitafuta koti zito.

"Koti na jua hili, kaka?"

"Naenda Ujerumani kusomea leza, ule mwanga mkali unaochonga hata chuma."

"Makubwa! Koti lenyewe limetoka huko huko, na wewe unalirudisha!"

Walicheka wee. Wiki tatu baadaye, siku ya kusafiri, walikuwa wameshaahidiana ndoa.

Mwaka wa pili Eliezeri alimpigia kwa simu ya posta, furaha imemjaa.

"Mpenzi, nimeweza! Leza yangu inapiga chuma kwa mapigo mafupi mno, hata joto halipati nafasi ya kusambaa. Pigo moja kubwa lilikuwa linaunguza bure. Nikaligawa vipigo vidogo vidogo vinavyofuatana. Nguvu ile ile, chuma kinachochongwa ni kingi zaidi!"

"Hongera, Eli. Na mimi je? Akina Wilbard wameleta posa. Baba kule Mbaga anataka jibu kabla ya Pasaka. Niandikie neno nimwonyeshe."

"Nitaandika, malaika wangu."

Jamani, elimu nayo hulevya! Badala ya kushika kalamu, mwanaume huyu alichonga jibu kwa leza kwenye kipande cha chuma kisichozidi ukucha. Akakitia kwenye bahasha bila barua yoyote, akitabasamu, akiamini Yudith ataelewa. Ataelewaje?

Yudith alikigeuza, akakisugua kwa khanga. Aliona mkwaruzo mmoja tu.

"Kanitumia chuma chakavu, baba," alisema. Alilia siku mbili. Baada ya Pasaka akaolewa na Wilbard.

Desemba Eliezeri alirudi, akaenda moja kwa moja sokoni. Alimkuta Yudith ana mimba kubwa.

"Kwani hukusoma?"

"Nisome nini?"

Chuma alikuwa bado nacho, kwenye pochi. Wakaenda kwa Swalehe, fundi saa, naye akamwazima Yudith kioo chake cha kukuzia. Yudith akainama. Mkwaruzo ukawa herufi, safi kabisa: YUDITH, MWAMBIE BABA NAKUOA. NARUDI DESEMBA.

Machozi yalimtoka mbele za watu.

"Nilitaka uione kazi yangu," Eliezeri alisema.

"Mimi nilitaka baba aone neno lako. Kalamu ingetosha, Eli."

Akamrudishia Swalehe kioo, akafuta uso, akarudi kwenye meza yake. Wateja walikuwa wanamsubiri.