Futi ya Bibi Fundi

Ilikuwa Jumatano, tarehe tisa Mei. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na hata Kifungo alipomaliza kupiga pasi sare yake ya shule, bati la jikoni lilikuwa bado linalia taratibu. Mama yake alimimina uji kwenye chupa ya chai. Kabla ya kuifunga aliinamisha kichwa, akamwombea Bibi, kama alivyofanya kila asubuhi tangu Bibi alazwe hospitalini kwa homa ya mapafu.

"Sema amina, Kifungo."

"Amina." Lakini moyo wake haukuwemo.

Jina hilo alipewa na Bibi mwenyewe. Bibi alikuwa fundi cherehani, na mjukuu wake alikulia chini ya meza ya kushonea, akiokota vifungo vilivyodondoka. Miaka ya karibuni Bibi alishikwa na ugonjwa wa kusahau. Alitia chumvi kwenye chai, akawaulizia wateja waliokwisha kufa. Aliyemchana nywele na kumrudisha nyumbani kila alipopotea njia alikuwa Kifungo. Kitu kimoja tu kilimtuliza Bibi: futi yake ya kupimia, utepe wa njano uliofifia namba. Ikiwa shingoni mwake, alitulia. Isipokuwepo, aliinuka kuitafuta.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita Kifungo aliipeleka futi ile wodini. Na hapo ndipo moyo wake ulipoanza kuchafuka.

Wodini kulikuwa na muuguzi kijana mwenye miwani. Alipoiona futi, alisimama kando ya kitanda, akanyoosha mikono. "Fundi, nipime. Nataka gauni la sikukuu."

Bibi akampima mabega, akampima kiuno, akacheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Kisha akamshika shavu. "Kifungo wangu! Umenenepa, mjukuu wangu. Unakula nini siku hizi?"

Kifungo wa kweli alikuwa amesimama papo hapo, chupa ya uji mkononi. "Bibi, Kifungo ni mimi."

Bibi akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Subiri zamu yako, mteja. Kuna watu mbele yako."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, bibi mcheshi aliyevunjika mguu, akaangua kicheko. "Umepinduliwa, mjukuu! Leo huna cheo!"

Kifungo naye alionyesha meno tu, akaiweka chupa ya uji mezani. Alimtazama muuguzi akimlisha Bibi uji, na Bibi akiumeza bila ubishi. "Miaka yote hii ni mimi," alijisemea. "Huyu amemjua juzi tu!"

Basi asubuhi hiyo ya manyunyu walimkuta Bibi amesinzia, futi shingoni. Muuguzi mwenye miwani alikuwa anamaliza zamu yake ya usiku.

"Shikamoo, Mama. Bibi yetu amelala vizuri."

Bibi yetu! Neno lile lilimchoma Kifungo kama sindano. Mama alipokwenda kuosha kikombe, Kifungo aliivuta futi polepole, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sketi. "Tuone kama watachekeana bila futi yangu," aliwaza. Siku nzima darasani mkono wake ulikuwa mfukoni, na hakumsikia mwalimu hata kidogo.

Jioni aliporudi wodini na Mama, alimkuta Bibi amefungwa bandeji mkononi, paji la uso limevimba, na vyuma vya kitanda vimeinuliwa pande zote. Muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye sauti nzito, aliwavuta kando.

"Alishuka kitandani, akisema wateja wanamngoja na futi yake imepotea. Akachomoa dripu, akateleza. Muuguzi wa mchana hakujua habari ya futi, akadhani anaweweseka tu. Daktari anasema akiendelea hivi, itabidi apewe dawa ya usingizi."

"Na mapafu haya?" Mama akashika kichwa.

"Ndiyo hofu yetu. Kwa mzee kama yeye, dawa hiyo ina hatari zake."

Hapo muuguzi mwenye miwani, aliyefika kazini mapema kabla ya zamu yake ya usiku, alitokea uvunguni mwa kitanda, magoti yamejaa vumbi. "Nimeitafuta kila mahali, Mama. Hata kwenye mashuka ya kufuliwa. Mungu atusaidie."

Kifungo aliyatazama magoti yale, machozi yakamtoka.

"Usiitafute, dada. Ninayo mimi."

Akaitoa.

"Wewe mtoto! Umefanya nini?" Mama akamaka.

"Anamwita yeye Kifungo! Mimi ananiita mteja! Nilitaka anihitaji mimi peke yangu."

Muuguzi mkuu akavuta kigoda, akakaa. "Mwanangu, ugonjwa huu unafuta majina na sura. Bibi yako akiona mtu anamtendea wema, jina gani linamjia mdomoni?"

"Kifungo."

"Basi hajakutoa moyoni. Kila wema anaoupata, anauita kwa jina lako." Akamwacha alie kidogo. "Lakini ulichofanya ni kibaya. Wivu wako ulimtaka Bibi ateseke ili wewe uonekane. Omba msamaha kwake na kwa Mungu. Na sisi tuna kosa letu: tukipokezana zamu tunaelezana presha na dripu, hatuelezani futi. Kuanzia leo ndugu wa mgonjwa yeyote mwenye kusahau watasimama nasi zamu zikibadilika, watuambie kinachomtuliza mtu wao."

Zamu ilikuwa inabadilika saa hiyo hiyo. Wauguzi walizunguka kitanda, na Kifungo akaeleza huku akifuta kamasi: Bibi apendavyo kuitwa Fundi, asikiavyo vizuri kwa sikio la kulia, achukiavyo kushikwa kwa nyuma. Kisha akaitazama futi, akamkabidhi muuguzi mwenye miwani.

"Mvalishe wewe, dada. Usiku utakuwa naye wewe."

Futi ilipogusa shingo yake, Bibi alifumbua macho. "Ah, Kifungo wangu," akamwambia muuguzi. Halafu akageuka. "Na yule mteja bado yupo? Maskini, amengoja sana. Njoo nikupime."

Kifungo akasogea, akanyoosha mikono, akasimama wima. Vidole vya Bibi vilipita mabegani mwake, vyepesi kama zamani.

"Nisamehe, Fundi," akanong'ona. "Naahidi..."

"Sema kwa sauti, mjukuu!" jirani akadakia. "Wengine masikio yetu yamechoka!"

Kifungo akavuta pumzi. Mbele ya Mama, wauguzi na wodi nzima, akasema: "Naahidi sitaficha tena kitu kinachompa Bibi nafuu. Nitakachojua mimi, atajua kila anayemtunza. Na aitwe Kifungo yeyote amtakaye, mimi nitakuwa mteja wake, nitangoja zamu yangu."