Madaraja Matatu ya Kwenda Ileje

Jumanne ile, Scola alipoita jina la marehemu mumewe mbele ya wageni, mlango wa lori uligongwa mara mbili.

Wageni walikuwa saba. Walishtuka, wakacheka, kisha wakapiga makofi. Dereva mmoja kutoka Zambia alijishika kichwa. "Ba mayo, mama yangu, hapo umenimaliza," alisema. "Hata nywele zimesimama."

Scola alitabasamu kwa kuwa ilimbidi. Mbele yao palikuwa na ukuta wa matofali na kiwanja kitupu. Hapakuwa na lori.

Walipokuwa wakirudi, Kalisti alimsogelea. Yeye ndiye mwenye nyumba ya wageni na ndiye aliyebuni matembezi hayo ya hadithi za kutisha, Scola akiwa msimulizi, maana madereva hukaa Tunduma siku nyingi wakingoja karatasi za forodha, na kuchoka kunawatuma kwenye pombe. "Dada, hiyo ya kugonga mlango umeiweka vizuri," alinong'ona. "Ungeniambia mapema, nisingeruka kama mbuzi."

"Nilidhani ni wewe," Scola alijibu.

Kalisti akageuka kutazama kule ukutani.

Matembezi yalianza jua likizama, katika Mtaa wa Maghala, mtaa wa zamani ulio nyuma ya maegesho. Walisimama kwanza kwenye duka lililofungwa, ambako mizani husikika ikipima. Halafu kwenye kisima kilichofukiwa. Hadithi hizo mbili Kalisti alizitunga akila chipsi. Ya tatu, ya pale ukutani, ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo Osward, mume wa Scola, alipolala ndani ya lori lake usiku wa baridi, akafunga vioo, akawasha jiko la mkaa miguuni, asiamke tena. Scola alikuwa na mimba changa. Sasa ilikuwa na miezi saba.

Kuisimulia hakukuwa kosa. Watu husimulia wafu wao, na Mungu huwasikia. Kosa lilikuwa maneno ya mwisho.

Osward alipofariki, mama yake, Gwantwa, alikuja kutoka Ileje kumchukua. Maiti ilitangulia. Yeye alibaki nyuma na tawi bichi, akaligusisha ardhi pale lori liliposimama, akasema, "Osward, amka, twende nyumbani." Akaliburuza tawi hadi kituoni, akalilipia kiti chake kwenye basi. Abiria mmoja alitaka kukaa. "Kiti hiki cha mwanangu," Gwantwa alimwambia, na yule mtu akasimama hadi mwisho wa safari. Kila walipofika darajani, mama alilishika tawi na kulijulisha kuwa wanavuka. Kwao, mtu aliyefia ugenini hachukuliwi mwili tu. Huitwa mara moja, hupelekwa, hafuatwi tena.

Scola alikuwa akiyasema maneno yale ya kumwita kila jioni, mwishoni mwa hadithi. Kalisti aliyapenda. "Hapo ndipo wageni wanapotetemeka," alisema.

Jumatano Scola aliita tena. Mlango ukagongwa, kisha sauti ikasema chini chini, karibu na sikio lake, "Nakuja, Scola." Ndivyo Osward alivyomjibu kila alipomwita kula. Wageni hawakuisikia. Scola alilia njiani kote, na kilio chake kilikuwa na furaha ndani yake. Mungu amsamehe. Mjane anayesikia sauti ile haulizi inatoka wapi.

Ijumaa sauti ilimfuata nyumbani. Aliingia akakuta chumba kina harufu ya mkaa unaowaka, na jiko lake lilikuwa nje, baridi, lina majivu ya jana. Alikaa kitandani. Godoro upande wa pili likabonyea taratibu, kama linavyobonyea anapokaa mtu anayejali asimwamshe mwenzake.

"Mtoto utamwita nani?" sauti ikauliza.

Scola alitaka kujibu, lakini mtoto aliyekuwa akicheza tumboni tangu asubuhi alitulia ghafla, akawa mzito kama jiwe, na ndipo mama yake akakumbuka kuwa jina hilo walikwisha kulichagua wakiwa wawili, jikoni, Osward mwenyewe akisema kwamba akiwa wa kiume ataitwa Lwitiko kama babu yake, tena akalirudia mara tatu akicheka kwa sababu alilipenda mno, na mtu hawezi kusahau jina alilolichagua hivyo hata akifa.

Hakujibu. Alitoka na khanga moja, akampigia mama mkwe wake simu kutoka kwa jirani.

Gwantwa alifika kesho yake mchana. Hakukaa wala hakunywa chai. "Nipeleke," alisema.

Walisimama ukutani, wao wawili na Kalisti aliyejificha nyuma ya migongo yao akishika kofia yake.

"Mama, ni yeye?" Scola alinong'ona. "Niambie tu kama ni yeye."

"Mwanangu nilimzika. Hapa ni patupu," Gwantwa alisema. "Ukiita jina mahali patupu, anaitika aliye karibu. Majirani zetu Waislamu wanamwita jini. Kanisani tunasema pepo. Vyovyote utakavyoliita, halikuwa na jina, nawe umelipatia la mumeo. Sasa linataka na la mtoto, lizaliwe nalo."

Alisali kwa muda mrefu kwa Kindali, lugha ya kwao. Kisha akainua uso.

"Wewe unayejiita mwanangu. Tulipokupeleka nyumbani tulivuka madaraja mangapi?"

Harufu ya mkaa ilipanda hadi Kalisti akakohoa.

"Sijavuka daraja lolote, mama," sauti ilisema, na wote watatu waliisikia. "Mimi sijawahi kutoka hapa."

"Umesema kweli kwa kinywa chako!" Gwantwa alipaza sauti. "Mwanangu alivuka matatu, nikimhesabia moja moja, hadi mlangoni kwangu! Wewe si wangu. Kwa jina la Yesu, acha jina la mtu, baki ulipo!"

Mlango wa lori ukagongwa mara mbili, mbali. Mara mbili tena, mbali zaidi. Kisha pakabaki kelele za magari ya kweli, na harufu ikaisha.

"Dada, mimi kuanzia leo nauza supu," Kalisti alisema, na hata Gwantwa akatabasamu.

Njiani alimwonya mkwewe. "Likikuita, usiitike. Kuitika ndiko kufungua mlango. Hata neno moja, hata mguno."

Scola alihamia Ileje. Alijifungua salama mtoto wa kiume, na kanisani akaitwa Lwitiko. Wiki sita zilipita katika amani. Kisha Kalisti akapiga simu.

"Dada, pale ukutani pametulia kabisa," alisema. "Jana watoto wamecheza mpira. Hakuna kitu tena. Kimeondoka."

"Mungu ashukuriwe," Scola alisema. Halafu akauliza, "Kimeondoka kwenda wapi?"

Kalisti akaanza kumwambia habari za supu yake.

Jioni ile Gwantwa alikuwa akichambua maharage, mtoto amelala mapajani mwa mama yake, ndipo waliposikia, kutoka upande wa barabara ya Tunduma, kitu kikiburuzwa ardhini, taratibu, kama tawi lenye majani, kikipita kwa majirani ambao mbwa wao hawakubweka, kikipanda kilima, kikivuka kibustani cha mboga, kikija bila kuuliza njia kama ajavyo mtu aliyeelekezwa vizuri, na pamoja nacho harufu ya mkaa ikiingia chini ya mlango kabla ya chenyewe kufika.

Mlango wa mbao uligongwa mara mbili, nao ukalia kama bati la lori.

"Mama," sauti ya Osward ilisema. "Nimevuka matatu."

Maharage yalimwagika. Gwantwa alifungua kinywa ili asali, akakumbuka ni nani aliyeihesabu njia ile kwa sauti kubwa pale ukutani, na sala haikuja. Aliweka kidole mdomoni. Scola akainamisha kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Hakuna atakayeitika.

Mlango ukagongwa tena.

Mapajani, Lwitiko alifumbua macho, akakunja uso, akavuta pumzi ya kulia.