Mke Mwenza Ni Chumba

Walikutana stendi ya mabasi, katikati ya honi na kelele za wapiga debe. Mwanamke alikuwa mkata tiketi: sare ya buluu, skafu ya njano shingoni, midomo imekolea rangi. Mwanamume, fundi redio aliyevaa shati lililonyooka pasi, alifuata kifurushi cha vipuri huku macho yake yakitafuta mlango wa kutokea.

"Kaka, unakimbizwa?"

"Nakimbilia nyumbani."

"Kuna nani huko?"

"Kuna mimi."

Akacheka mpaka akakosea tiketi ya abiria. Mapenzi yakaanzia hapo.

Lakini kila mwanamke alipompigia simu, jibu lilikuwa lilelile.

"Mpenzi, toka basi! Leo kuna muziki."

"Njoo wewe, laazizi. Watu wengi hunimaliza. Nikiwa kwangu ndipo najaa upya."

Mwenzake wa dirisha la pili la tiketi akamtia maneno: "Shoga, mwanamume asiyetoka ana mtu anamlinda ndani."

Ndivyo ulivyo mji wetu. Mlevi humwita mchangamfu, mwongo humwita mjanja, lakini anayependa kukaa kwake lazima atafutiwe kosa. Hata shuleni, mtoto aliyejitenga saa ya mapumziko alichapwa, walimu wakasema ana kiburi. Hatujasahau.

Wivu ukampanda mkata tiketi. Mchana, sare bado mwilini, akaingia kwa fundi bila hodi. Akachungulia uvunguni, nyuma ya pazia, kabatini. Hapana mtu. Fundi alikaa mezani, miguu peku, akiitabasamia redio aliyoifungua kuitengeneza.

Tabasamu lile ndilo lililomchoma.

"Heri ningemkuta mwanamke!" akafoka, machozi yakimlenga. "Ningemnyonyoa nywele, yakaisha. Chumba nitakifanya nini? Unatosheka bila mimi!"

"Natulia tu. Kutosheka bado." Fundi akainuka, akampisha kiti. "Unadhani sina wivu? Abiria wote wale wanakuona kabla yangu, kila asubuhi."

"Mbona husemi?"

"Sasa nasema. Tuoane, uhamie hapa."

"Nikitaka kwenda muziki?"

"Nenda."

"Nikichelewa?"

"Utanikuta."

Mkata tiketi akalegeza skafu shingoni. Wanaume waliomwahidi matembezi walikuwa wengi, na wote walimwacha akingoja. Wa kumwahidi kuwepo hakuwahi kumpata.

"Basi sogea," akasema, akivua viatu. "Na hiyo redio uifunge. Leo utabasamu kwangu."